Kiwanda Kidogo cha Bia na Watu Waliokwenda Kukitazama

Ninyi mliokusanyika katika vikundi, mwenye kitabu na akae karibu na taa, na mwenye daftari aandike miaka nitakayoitaja, maana mwishoni nitawapa maswali ya kuzungumza.

Leo tutazungumza juu ya bia. Najua wapo kati yenu wasioinywa, ama kwa sababu ya dini yao ama kwa hiari yao, nao nawaomba wasifunge redio. Hatukukusanyika hapa kunywa. Tumekusanyika kujifunza jinsi ujuzi wa mikono unavyoweza kukaribia kufa, na jinsi unavyookoka. Kwa jambo hilo mfano wa bia utatufaa sawasawa na mfano wa mkeka au wa jembe.

Tuseme wewe na rafiki zako watatu mmekwenda kutazama kiwanda kidogo cha bia, namna ya viwanda vilivyoenea siku hizi katika miji mingi ya dunia. Mnapofika mlangoni, kabla hamjaona kitu, mnapokewa na harufu kama ya uji wa moto. Mwenyeji wenu awakaribisha, kisha awaonyesha gunia la shayiri. Akutilia punje chache mkononi na kukuambia uzitafune. Watafuna, na kumbe ni tamu! Hiki ni kimea. Shayiri imelowekwa majini hata ikachipua, kisha imekaushwa kwa moto. Ikikaushwa kwa moto mdogo, bia itakuwa ya rangi ya dhahabu. Ikikaangwa hata ikawa nyeusi, bia nayo itakuwa nyeusi kama kahawa.

Mama yeyote wa Kilimanjaro apikaye mbege angemwelewa mtu huyu bila mkalimani. Yeye naye huotesha ulezi, huuanika na kuusaga, ndipo auchanganye na ndizi zilizopikwa. Tofauti ni ya nafaka tu.

Mwenyeji awapeleka mbele. Katika pipa la kwanza kimea kilichosagwa kimechanganywa na maji ya moto, na utamu wake unatoka na kuingia majini. Mkionja maji hayo mtasema, "Hii ni togwa!" Nanyi hamtakuwa mbali na kweli. Machicha huondolewa, na mara nyingi hupewa wafugaji wakalishe ng'ombe. Maji matamu huchemshwa katika sufuria kubwa pamoja na hopsi, yaani maua ya mmea mmoja utambaao juu ya kamba na miti. Hopsi hutia uchungu na harufu nzuri, tena huzuia bia isiharibike upesi. Hapa pia mpika mbege angetikisa kichwa kwa kukubali, maana yeye hutafuta uchungu wake katika magome ya msesewa.

Mwisho maji hayo hupozwa, kisha hutiwa chachu. Chachu ni viumbe hai, vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Hula sukari, na badala yake hutoa kileo na hewa ile ifanyayo povu. Kwa siku kadhaa bia hutulia ikichachuka, kisha huwekwa mahali pa baridi ipate kukomaa.

Haya, sasa mmeketi mezani. Mmeletewa ubao wenye bilauri nne ndogo kwa kila mtu: moja ya dhahabu, moja ya rangi ya shaba, moja ya kahawia, na moja nyeusi. Desturi ni kuanza na ile nyepesi na kumaliza na ile nzito. Kwanza tazameni rangi, kisha nuseni, kisha onjeni kidogo, na kati ya bilauri na bilauri mnywe maji. Bilauri ni ndogo kwa makusudi, kwa sababu mmekuja kutambua, wala hamkuja kulewa. Rafiki yako wa kwanza akunja uso na kusema, "Hii ya shaba ni chungu mno!" Wa pili amjibu, "Mimi naona ndiyo nzuri kuliko zote." Na ubishi unaanza, ubishi mzuri wa marafiki.

Basi, ndugu msikilizaji, yaangalie mabishano hayo, kwa kuwa ndiyo mlango wa somo letu. Ili watu wabishane juu ya bia nne, yapasa kwanza ziwepo bia nne zisizofanana. Katika miaka ya 1960 ungaliweza kuzunguka sehemu kubwa ya nchi ya Marekani usipate meza kama hiyo. Bia zilikuwa tele, lakini karibu zote zilikuwa za namna moja: nyepesi, za rangi ya majani makavu, za baridi sana. Ni nani, basi, aliyeziweka bilauri hizi nne mezani?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1873 Marekani ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 4,000. Kila mji ulikuwa na chake, na wapikaji wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, waliokuja na ujuzi wa kwao. Kisha yakatokea mambo makubwa mawili. La kwanza ni njia ya reli na mashine za kufanya baridi, ambazo ziliwawezesha wenye viwanda vikubwa kupeleka bia mbali na kuwashinda wadogo kwa bei. La pili ni sheria. Kuanzia Januari 1920 hata Desemba 1933 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vileo. Viwanda vingi vilifungwa, na vingi kati ya hivyo havikufunguliwa tena. Fikiri wewe mwenyewe: fundi akiacha kazi yake miaka 13, kijana wake atajifunza kwa nani?

Baada ya marufuku kuondolewa, wakubwa walizidi kukua na wadogo walizidi kufa. Kufika mwaka 1978 nchi nzima, pamoja na ukubwa wake wote, ilibakiwa na viwanda pungufu ya 100.

Sasa twende katika mji mmoja tu, San Francisco, katika jimbo la California, penye bahari na ukungu. Watu walimiminika huko mwaka 1849 kutafuta dhahabu, na wapikaji bia wakawafuata. Lakini walikuta taabu. Chachu waliyoizoea Wajerumani ilitaka baridi, na huko kwao walikuwa na mapango na barafu. California haikuwa na barafu ya kutosha. Basi wakaamua kuitumia chachu ile ile pasipo baridi, nao waliichachusha bia katika mabirika mapana yasiyo na kina, yaliyoachwa wazi, ili hewa ya baharini iipoze. Bia hiyo ilikuwa na povu jingi na nguvu nyingi ndani ya pipa, na watu wakaiita "bia ya mvuke". Ilikuwa bia ya watu wa kazi, na ya bei nafuu. Ilizaliwa kwa shida, kama vilivyozaliwa vyakula vingi vizuri.

Katika mji huo, mwaka 1896, Ernst Baruth na mkwewe Otto Schinkel walinunua kiwanda kidogo, wakakiita Anchor, yaani Nanga. Jina zuri, lakini nanga hiyo ilipigwa na mawimbi mengi. Baruth alifariki mwezi wa Februari 1906. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Aprili, tetemeko la ardhi liliupiga mji, na moto uliofuata ukakiteketeza kiwanda. Mwaka 1907 Schinkel naye akafa kwa ajali ya tramu. Wenzao walijenga upya, ikaja marufuku ya 1920. Kilifunguliwa tena mwaka 1933, na mwaka 1934 kikaungua mara nyingine. Wakakihamisha. Mwaka 1959 mwenyewe alichoka akakifunga. Mwaka 1960 mtu mwingine, Lawrence Steese, akakifungua. Lakini vyombo vilikuwa vimechakaa, wateja walikuwa wachache, na bia yenyewe mara kwa mara ilikuwa chachu mno. Kufika mwaka 1965 kiwanda kilikuwa karibu kufungwa tena, na safari hii pengine kwa daima.

Sasa sikiliza vizuri. Alikuwako kijana wa miaka 27, jina lake Fritz Maytag, wa ukoo uliojulikana kwa kutengeneza mashine za kufulia nguo. Hakuwa mpika bia. Alikuwa mteja tu katika mkahawa mmoja wa mji huo ulioitwa Old Spaghetti Factory, na alipenda kunywa bia ya Anchor hapo. Siku moja mwenye mkahawa, Fred Kuh, alimwambia kwamba kiwanda kinachotengeneza bia anayoipenda kinakaribia kufungwa, na kwamba ingefaa aende akakitazame kabla hakijatoweka.

Maytag akaenda kutazama. Maneno hayo ni mafupi, lakini historia yote inayofuata imetoka humo. Aliona vyombo vikuukuu, aliona kazi ifanywayo kwa mikono, na moyo wake ukashikwa. Kwa dola elfu chache tu alinunua zaidi ya nusu ya kiwanda, asilimia 51. Mwaka 1969 kikawa chake chote.

Usidhani kwamba fedha za ukoo zilimaliza kazi. Kupenda kitu ni jambo moja na kukijua ni jambo jingine. Mwaka 1876 yule mwanachuoni wa Ufaransa, Louis Pasteur, alitoa kitabu chake juu ya bia, akieleza jinsi vijidudu vigeni vinavyoiharibu. Karibu miaka 90 baadaye Maytag alipaswa kujifunza somo lile lile katika kiwanda chake: usafi, usafi, na tena usafi. Alianza kutia bia katika chupa mwaka 1971. Ilimchukua takriban miaka kumi kupata faida.

Lakini alikataa kuifanya bia yake ifanane na za wakubwa. Mwaka 1975, Wamarekani walipokuwa wakikumbuka miaka 200 tangu vita vyao vya uhuru kuanza, kiwanda chake kilipika bia iliyoitwa Liberty, maana yake Uhuru, yenye hopsi nyingi za aina ya Cascade, aina mpya iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972. Harufu yake ilikuwa kama ya maganda ya machungwa. Ile bilauri ya rangi ya shaba waliyobishania rafiki zako ni mjukuu wa bia hiyo.

Sasa twaona ajabu ya jambo hili: mtu akitazama, mwingine huja kumtazama yeye. Alikuwako Jack McAuliffe, aliyetumika katika jeshi la majini la Marekani huko Scotland. Huko alionja bia za Kiingereza, nzito na zenye ladha, na aliporudi kwao hakuzipata. Basi mwaka 1976, katika mji wa Sonoma, California, akishirikiana na Suzy Stern na Jane Zimmerman, alifungua kiwanda kilichoitwa New Albion. Vyombo aliviunga mwenyewe kwa mapipa ya chuma na vifaa vikuukuu vya maziwa. Kilikuwa kiwanda kidogo mno. Kila wakipika walipata kama pipa moja na nusu. Benki hazikutaka kumkopesha. Mwaka 1982 New Albion ilifungwa.

Je, alishindwa? Ukitazama daftari la fedha, ndiyo. Lakini kabla ya kufungwa, watu walikuwa wamekwisha kuja kutazama. Mmoja wao alikuwa kijana Ken Grossman, mwenye duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani katika mji wa Chico. Alizuru Anchor, akazuru na New Albion, akarudi kwao na kujitengenezea vyombo kwa mabaki ya viwanda vya maziwa. Mwezi wa Novemba 1980 alipika bia yake ya kwanza katika kiwanda alichokiita Sierra Nevada, ambacho baadaye kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vya namna hiyo nchini mwake. Navyo vyombo vya New Albion vilinunuliwa na kiwanda kingine huko Hopland, kilichofunguliwa mwaka 1983, na baadhi ya mafundi wakaenda pamoja na vyombo.

Serikali nayo ilikuwa na sehemu yake. Mwaka 1976 kodi ya bia ilipunguzwa kwa viwanda vidogo, kutoka dola 9 hata dola 7 kwa pipa, kwa mapipa 60,000 ya kwanza. Tarehe 14 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani bila kodi kwa matumizi yao wenyewe, jambo ambalo halikuwa halali tangu zamani za marufuku. Sheria hiyo iliwafungulia watu shule isiyo na ada. Wengi waliofungua viwanda baadaye walijifunza jikoni mwao, wakiwaonjesha rafiki zao na kuambiwa kweli.

Wala jambo hili halikuwa la Marekani peke yake. Huko Uingereza makampuni makubwa yalikuwa yakiiacha bia ya zamani ichachukayo ndani ya pipa lake, na kuleta badala yake bia iliyochujwa na kusukumwa kwa gesi. Mwaka 1971 vijana wanne rafiki kutoka kaskazini-magharibi ya Uingereza walikuwa likizoni huko Ireland. Katika mazungumzo ya baa walianzisha chama cha kuitetea bia hiyo ya zamani. Chama chao, kijulikanacho kwa jina la CAMRA, kilipata wanachama kwa maelfu na kuwalazimisha wenye viwanda kusikiliza. Hao nao walianza wakiwa marafiki wanne tu na bilauri zao.

Katika Marekani, vile viwanda pungufu ya 100 vya mwaka 1978 vimekuwa zaidi ya 9,000 kufika mwaka 2023.

Ningependa kuishia hapo, ndugu wasikilizaji, lakini historia si hadithi ya kuwabembelezea watoto. Maytag alizeeka, na mwaka 2010 aliiuza Anchor. Mwaka 2017 ikanunuliwa na kampuni ya Sapporo ya Japani. Mwaka 2019 wafanyakazi wake waliingia katika chama cha wafanyakazi. Lakini mauzo yalikuwa yakipungua. Zile bia elfu zilizozaliwa na mfano wa Anchor sasa zilikuwa zikishindana na mama yao. Mwezi wa Julai 2023, baada ya miaka 127, kampuni ilitangaza kwamba kiwanda kinafungwa. Habari zilipoenea, watu walikuja kwa wingi, wakapanga mstari kununua chupa za mwisho. Tujiulize: walikuwa wapi watu hao mwaka uliotangulia?

Wafanyakazi wenyewe walijaribu kukusanya fedha wakinunue kiwanda kwa ushirika, lakini hawakukipata. Mwaka 2024 kilinunuliwa na tajiri mmoja, Hamdi Ulukaya, mzaliwa wa Uturuki aliyetajirika kwa biashara ya mtindi.

Basi tujifunze nini? Mara nyingi twadhani kwamba ujuzi hufa kwa sababu watu wameuchukia. Sivyo. Bia ya Anchor ilipendwa mwaka 1965, na ilipendwa mwaka 2023. Ujuzi hufa wakati wanaoupenda wanapokaa mbali, kila mmoja akidhani kwamba yuko mwingine anayeutunza. Mwaka 1965 mtu mmoja aliondoka katika kiti cha mkahawa akaenda kutazama kwa macho yake, kisha akatia mkono wake kazini. Watu wa mwaka 2023 walifika kuaga.

Nasi tuna mambo yetu. Pale kijijini kwako yupo mama mmoja apikaye pombe kwa njia ya bibi yake, ajuaye ni magome yapi na ni siku ngapi, bila saa wala kipimajoto. Watu humsifu, hunywa, huenda zao. Je, yuko msichana au mvulana aliyewahi kukaa naye toka kuloweka hata kuchuja? Au kama si pombe, yuko mzee asukaye mitego ya samaki, au fundi wa ngoma, au mjuzi wa kuezeka kwa makuti? Ni wangapi mmewahi kwenda kumtazama akifanya kazi, mkamwuliza, mkaandika?

Haya ndiyo maswali ya vikundi vyenu:

1. Ni sababu zipi mbili zilizopunguza viwanda vya bia Marekani baada ya mwaka 1873? Ipi ilikuwa kubwa zaidi kwa maoni yenu?

2. New Albion ilidumu miaka sita tu. Je, ilishindwa au ilifaulu? Toeni sababu.

3. Kwa nini wafanyakazi wa Anchor walitaka kukinunua kiwanda kwa ushirika? Ni mambo gani yangepaswa kuwa tayari mapema ili wafaulu?

4. Tajeni ujuzi mmoja wa kijijini kwenu uliobaki mikononi mwa mtu mmoja au wawili. Chagueni wenzenu watatu au wanne waende kumtazama kabla ya somo lijalo, nao walete habari kwa kikundi.

Mkienda, nendeni kwa adabu, mpeni mwenyeji heshima yake, na msiende mikono mitupu. Akiwaonjesha, onjeni kidogo kidogo, na wasiokunywa wapewe togwa. Kisha rudini mtusimulie.

Kwaherini, ndugu zangu, hata tutakapokutana tena.